Kimya cha Theluji

Wazee walisema, tembea uone. Mimi nilizaliwa Naguru, Kampala, katika nyumba za wafanyakazi zilizojengwa miaka ya 1950. Tulikaa karibu karibu, watu wa makabila mengi, tukielewana kwa Kiswahili. Jirani akikohoa usiku, asubuhi tulimwuliza hali yake. Basi kimya sikukijua.

Mwezi wa Desemba 2010 nilikwenda kumzuru kaka yangu, aliyekuwa akikaa kijijini karibu na mji wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe. Kwetu jua huchomoza karibu saa moja asubuhi, mwaka mzima. Huko, tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari, halichomozi kabisa. Adhuhuri huja mwanga hafifu wa buluu, kama wa alfajiri, kisha giza hurudi. Bahari haigandi, kwa sababu mkondo wa maji ya vuguvugu hupita pwani ile; lakini nchi kavu yote ni nyeupe, na theluji mpya humeza sauti, hata gari likipita hulisikii vema.

Siku tatu za kwanza nilikuwa na huzuni. Nikamwambia kaka, "Watu wa hapa hawana salamu. Mtu aweza kufa asijulikane."

Akacheka, akasema, "Mdogo wangu, ngoja kwanza."

Usiku ule theluji ilianguka kwa wingi mno. Tulipoamka, tulikuta njia imekwisha kusafishwa toka mlangoni petu hadi barabarani. Nyayo zilitoka nyumba ya pili, zikarudi huko huko. Alikuwa mzee jirani yetu. Alifanya kazi yake kwa beleshi, wala hakubisha hodi kutaka shukrani. Niliona haya kwa maneno yangu.

Mwezi wa Julai 2011 nyumba zetu za Naguru zilibomolewa. Nilipokwenda kupatazama mahali petu, sikusikia mtoto, wala redio, wala jogoo. Kimya kilikuwa kama kile cha theluji, ila nilitafuta nyayo za jirani nisizione.

Ndugu zangu mlio shuleni, msimhukumu mtu kwa uchache wa maneno yake. Na kama jirani yenu ana kelele, kamsalimuni leo. Huenda kesho mkaitamani sauti yake.