Kibarua Mbele ya Hojaji

Miongoni mwa kozi zinazofundishwa katika shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile inayohusu uongozi wa watu na mienendo yao kazini aghalabu hudharauliwa. Wanafunzi huiita laini. Uhasibu una majibu, takwimu zina kanuni, lakini somo hili, wanavyodai, ni hekima ya kawaida iliyovishwa istilahi. Nani asiyejua kwamba mfanyakazi aliyeridhika huzalisha zaidi? Ajabu ni kwamba hata hilo ambalo kila mtu hudai kulijua limewatoa watafiti jasho kwa miongo mingi, na uhusiano waliouona baina ya ridhaa na uzalishaji ni mdogo kuliko inavyodhaniwa.

Kwa dharau iyo hiyo ndivyo alivyoiendea kozi hiyo mwanamke mmoja aliyekuwa afisa katika idara ya wafanyakazi ya kampuni ya maua, kandokando ya Ziwa Naivasha. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya ualimu, Kiswahili na Historia. Ajira ya ualimu ilipochelewa, alipata kazi ya kuandika majina ya vibarua langoni, akapanda ngazi polepole hadi akapewa meza na kiti cha kuzunguka. Kila Jumamosi alidamka gizani akapanda matatu kwenda Nairobi, akarudi usiku vumbi likiwa limemjaa viatuni na istilahi zimemjaa kichwani.

Mhadhara uliomzindua ulihusu Hawthorne, kiwanda cha vifaa vya simu cha kampuni ya Western Electric, huko Cicero, jirani na Chicago, Marekani. Kuanzia 1924 wahandisi waliongeza na kupunguza mwanga wa taa ili waone kama kasi ya kazi ingebadilika. Matokeo hayakufuata taa. Mnamo 1927 wasichana watano wa kuunganisha vifaa viitwavyo rilei, pamoja na mwenzao wa kuwapangia vipande, walitengwa katika chumba chao peke yao. Wakapewa vipindi vya mapumziko, saa za kazi zikafupishwa, malipo yao yakafungamanishwa na kazi ya kikundi chao kidogo. Uzalishaji ukapanda. Elton Mayo, Mwaustralia aliyekuwa akifundisha katika Shule ya Biashara ya Harvard tangu 1926, alikuja kuyafasiri majaribio hayo na kushikilia kwamba binadamu hafanyi kazi kwa ujira tu. Hujali pia kusikilizwa na kuwa mmoja wa kundi. Ni vigumu kukipata kitabu cha somo hili kisichosimulia kisa hicho.

Wenzake walinakili na kufunga daftari. Yeye alikwama kwenye jambo ambalo mhadhiri alilitaja kwa kulipitia tu: Januari 1928, wawili kati ya wale watano waliondolewa chumbani na nafasi zao zikajazwa na wengine. Kosa lao, machoni pa wasimamizi, lilikuwa kuzungumza mno na kukosa ushirikiano. Utafiti uliosifiwa ulimwenguni kwa kugundua thamani ya kumsikiliza mfanyakazi ulikuwa umewatoa wafanyakazi wawili kwa sababu ya midomo yao! Je, uzalishaji ulipanda kwa kuwa wasichana walijaliwa, au kwa kuwa waliobaki walikwisha kuona yaliyowapata wenzao?

Fauka ya hayo, kulikuwa na sura nyingine ya Hawthorne iliyomvutia zaidi kuliko chumba cha rilei. Tangu 1928 kampuni iliendesha mahojiano na wafanyakazi takribani 21,000. Mwanzoni wahoji walikuwa na orodha ya maswali. Mfanyakazi akiulizwa juu ya msimamizi wake, alijibu kidogo, kisha akaingia katika habari za mtoto mgonjwa au kodi ya nyumba. Mhoji akamrudisha kwenye swali. Naye akatoroka tena. Mnamo 1929 wahoji walibadilisha mtindo. Wakaiacha orodha, wakamwacha mtu aseme alilokuja nalo. Kisha Mdororo Mkuu wa uchumi ukaingia, mahojiano yakasimama, na wengi waliokuwa wamesikilizwa kwa makini wakapoteza kazi.

Ulipowadia wakati wa tasnifu, aliamua kuchunguza ni kwa nini wafanyakazi wa maua hubaki au huondoka. Msimamizi wake chuoni alimpendekezea kipimo cha John Meyer na Natalie Allen, wataalamu wa Kanada, ambao mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliugawa mfungamano wa mtu na mwajiri wake katika aina tatu: yupo anayebaki kwa kuwa anataka, yupo anayebaki kwa kuwa hana budi, na yupo anayebaki kwa kuwa anaona ni wajibu. Majibu yangepangwa katika ngazi tano, kwa mtindo uliobuniwa na Rensis Likert mwaka 1932, kuanzia "nakubali kabisa" hadi "sikubali kabisa". Kilichosalia, aliambiwa, ni tafsiri tu.

Tafsiri tu! Wasomaji wa jarida hili wanajua neno hilo dogo huficha nini. Jina lenyewe la dhana lilimkesha. "Kujitolea" kulimaanisha kufanya kazi bila malipo, na hakuna kibarua wa Naivasha ambaye angependa kuulizwa hivyo. "Uaminifu" kulinukia wizi, kana kwamba anayeulizwa alikuwa amepotelewa na mkasi wa kampuni. "Mfungamano" kulipendeza kwenye karatasi, lakini ni nani aliyewahi kulitamka kwenye foleni ya maji? Hata cheo chake mwenyewe kilianza kumkera. Idara ilikuwa imebadilishiwa jina na kuitwa ya rasilimali watu, na rasilimali, kwa asili yake ya Kiarabu, ni kichwa cha mali, yaani mtaji. Kwa upande mwingine, kibarua ni barua ndogo. Aliitwa hivyo kwa sababu ya kijikaratasi alichopewa na kukirudisha ili alipwe kazi ya siku. Lugha ilikwisha kumwita mtu kwa jina la karatasi yake zamani, kabla ya shule za biashara kumwita mtaji.

Swali lililomshinda kabisa lilikuwa lile la kumtaka mfanyakazi aseme kama anajihisi mmoja wa familia katika kampuni. Kulitafsiri hakukuwa na ugumu. Alilijaribu kwa wanawake wachache wa banda la kupakia maua, wakati wa chakula cha mchana.

"Madamu," mmoja alimuuliza, "mwenye kampuni alikuja kwenye matanga ya mume wangu?"

"Hakuja."

"Basi andika hivyo."

Aandike ngazi ya ngapi? Mwanamke huyo hakuwa akilalama. Kwake familia haikuwa hisia inayopimwa kwa namba. Ilikuwa watu wanaofika msibani, wanaochanga karo, wanaokaa na mgonjwa. Mwingine aliulizwa kama angependa kumaliza maisha yake ya kazi hapo, akacheka, akasema, "Nimezoea." Nimezoea si kupenda, wala si kukata tamaa. Mtu aweza kuzoea kitu akiwa na furaha, aweza kukizoea akiwa amechoka, na Kiswahili humruhusu asichague. Hojaji humlazimisha. Alitia alama kwenye ngazi ya katikati, huku akijua kwamba amemwekea mama huyo kutojali ambako hakuwa nako.

Mzee aliyekuwa akisukuma mikokoteni ndiye aliyeuliza swali ambalo halikuwamo katika karatasi: "Na hii inarudi kwa nani?"

Aliwaahidi kwamba majina hayataandikwa, na kweli hayakuandikwa. Wakaamini, au wakazoea. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kujifunza jambo kutoka Hawthorne, chini ya kila ukurasa aliacha nafasi tupu, na asiyejua kuandika akamwandikia mwenyewe kwa maneno yake yaleyale. Humo ndimo ilimojaa tasnifu. Waliandika juu ya dawa zinazonyunyiziwa kabla ya glavu kufika, juu ya vyoo, juu ya msimamizi wa zamu aliyegawa siku za mapumziko kama sadaka. Wengi waliuliza ni kwa nini wameitwa vibarua kwa miaka miwili, ilhali Sheria ya Ajira ya 2007, katika kifungu cha 37, haimruhusu mwajiri kumfanya mtu kibarua wa kudumu. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 9, humtaka mwajiri amweleze mfanyakazi mkataba wake kwa lugha anayoielewa. Mikataba ya hapo ilikuwa kwa Kiingereza, na hakuna aliyekumbuka kuelezwa.

Wiki mbili kabla ya kuiwasilisha kazi chuoni, meneja alimwita. Alizungumza kwa upole. Kampuni ilikuwa imempa ruhusa ya kufanya utafiti, imemlipia nusu ya karo, na sasa ingependa kuyaona matokeo ili iboreshe mambo. Asingehitaji majina. Yangetosha majedwali yaliyopangwa kwa banda, zamu na jinsia.

Katika banda la kupakia, zamu ya usiku ilikuwa na wanawake tisa. Mmoja wao tu alikuwa mjane.

Yamkini meneja hakuwa na nia mbaya. Wasimamizi wa Hawthorne pia, mnamo Januari 1928, walidhani wanayalinda majaribio yao. Hapo ndipo kozi iliyoitwa laini ilipougeuka ugumu wa kodi ya nyumba na ada ya mtoto, zake yeye na za wale tisa. Akikataa, nusu ya karo iliyobaki ingekuwa juu yake, na pengine meza ile na kiti chake. Akikubali, asingeweza tena kupita katika banda lile saa ya chakula.

Usiku huo aliifungua kompyuta, akafuta safu za banda na zamu, akayachanganya majibu yote 112 katika jedwali moja. Nadharia tete mbili kati ya nne zilizokuwa zimeidhinishwa na chuo zilikufa palepale, kwa kuwa zilitegemea kulinganisha mabanda. Maneno ya chini ya kurasa aliyaandika upya, bila mjane, bila mkokoteni, bila zamu ya usiku. Mengine aliyaacha kabisa, ingawa ndiyo aliyoyapenda zaidi. Asubuhi aliyachapisha majedwali, akaambatanisha barua ya ukurasa mmoja inayoeleza ni kwa nini hayakugawanywa, na katika aya ya mwisho akanukuu vifungu vya 9 na 37. Barua aliiandika kwa Kiswahili. Akaipeleka ofisini kwa meneja mwenyewe, akasubiri atie sahihi kwamba ameipokea.