Wadudu Watatu: Maneno ya Tiba na Msikilizaji wa Masanze

Mgonjwa wa homa anayetoka Masanze, kata iliyo kusini ya mji wa Kilosa kwa upande wa kuelekea Mikumi, hupewa maneno kabla ya kupewa vidonge. Maneno hayo si ya Kisagara wala Kividunda, lugha ambazo wazee wa huko waliyatajia maradhi yao. Ni ya Kiswahili, ambacho mashamba ya mkonge, reli na shule vimekifanya kuwa lugha ya watu wote wilayani. Ndiyo maana ni rahisi kudhani kwamba tatizo la lugha katika zahanati lilikwisha zamani, maadamu tabibu na mgonjwa wanasema lugha moja. Dhana hiyo haina budi kutiliwa shaka, kwani yapo maneno ya tiba yanayompotosha msikilizaji kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa anayajua mno.

La kwanza ni mdudu. Kwa miaka mingi, kabla kipimo cha haraka cha malaria hakijaenea, jibu la hadubini lilitolewa kwa tarakimu: "una wadudu watatu." Sarufi haimwachii mgonjwa njia ya kutokea hapo. Mdudu ni nomino ya ngeli ya viumbe. Huonekana, hutambaa, na huhesabika kama kuku wa uani. Watatu ni wachache. Wengi hufupisha zaidi wakasema "malaria tatu", na jirani mwenye "malaria kumi" akaonewa huruma zaidi, kana kwamba ugonjwa wenyewe huuzwa kwa mafungu sokoni.

Mambo ni vingine kabisa. Kwa utaratibu uliozoeleka wa maabara, mpimaji huhesabu vimelea anavyokutana navyo huku akihesabu chembe nyeupe za damu hadi zifike 200, kisha hukadiria kwamba mikrolita moja ya damu ina chembe nyeupe 8,000. Watatu waliohesabiwa kwa njia hiyo ni 120 katika mikrolita moja, na mtu mzima mwenye lita tano za damu atakuwa nao wapatao milioni 600. Tarakimu iliyoandikwa kwenye cheti ilikuwa sahihi. Nomino iliyoambatana nayo ndiyo iliyoipunguza. Isitoshe, mtoto mdogo asiye na kinga anaweza kuzidiwa na kiasi ambacho mkulima mzima hukibeba bila kuacha jembe lake.

Waundaji wa istilahi wametoa neno kimelea, linalotokana na kitenzi mea katika kauli ya kutendea, nalo ni zao zuri: linataja kiumbe kwa jinsi kinavyoishi juu ya kingine. Ila upatanisho wake haujatulia. Wapo wanaoandika "vimelea vinaingia" na wapo wanaoandika "vimelea wanaingia", maana umbo la neno linavutana na kanuni ya viumbe hai, ile inayotufanya tuseme "kiboko amelala". (Virusi halina tabu hiyo: lilifika kutoka ughaibuni likiwa tayari na vi- mwanzoni, likapewa upatanisho wake na hata umoja, kirusi, ambao Kilatini hakikuujua.) Hata hivyo, dirishani kimelea hakijamng'oa mdudu, na hata kingemng'oa, "vimelea vitatu" bado vingekuwa vitatu.

Hapa ndipo panapostahili kusemwa jambo ambalo kazi za istilahi hulipita. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003, na kazi za aina hiyo ni hazina. Lakini kwa kawaida istilahi ni nomino. Katika mazungumzo ya zahanati madhara makubwa zaidi hufanywa na vitenzi na vielezi, ambavyo hakuna kamati inayovikalia kikao.

Kitenzi onekana ni mfano. Kipimo kisipokuta ugonjwa, jibu huwa "malaria haionekani". Mpimaji amekusudia kusema kwamba haipo. Msikilizaji amesikia kwamba ipo, ila imejificha. Basi kwa nini asipite duka la dawa akainunulia tiba? Jambo hili si dogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu hospitali 10 za kaskazini mashariki ya Tanzania ulionyesha kwamba chini ya nusu ya waliolazwa na kutibiwa kwa malaria kali walikutwa na vimelea katika damu. Homa za waliobaki zilikuwa na chanzo kingine, na kila siku inayopotea kwa kuitibu malaria "isiyoonekana" ni siku ambayo chanzo hicho kinaendelea na kazi yake. Wala kipimo cha haraka hakijaondoa utata, kwa kuwa aina inayotumika sana hutambua protini ya kimelea, nayo yaweza kubaki katika damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona. Safari hii kinachoonekana ndicho kisichokuwapo.

Si kila neno limeshindwa. Tanzania ilipoacha klorokwini mwaka 2001, dawa iliyofuata ilijulikana zaidi kwa herufi mbili, SP, zisizomwambia mkulima lolote. Mwaka 2006 ilipoamuliwa kwamba artemeta na lumefantrini zichukue nafasi hiyo, watu walipewa "dawa ya mseto". Mseto kila mtu anaujua: ni mchele na choroko katika chungu kimoja. Neno lina sababu ya tiba ndani yake, kwamba dawa mbili zinafanya kazi pamoja, moja ikipunguza vimelea upesi na nyingine ikikawia mwilini kuvimaliza. (SP nayo ilikuwa ya dawa mbili, lakini hakuna aliyefikiri kuiita mseto.)

Neno likiwa jema, maelekezo bado yaweza kuliharibu. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24 kwa siku tatu, vinne kila mara. "Kutwa mara mbili," husema mtoa dawa. Kutwa ni muda wa mchana hadi jua litue. Mgonjwa mwenye Kiswahili safi ana haki ya kumeza zote mbili kabla ya magharibi. Dozi ya pili ndiyo yenye hatari zaidi, kwa kuwa yapasa kumezwa saa nane baada ya ya kwanza. Mama aliyemmezesha mtoto saa nne asubuhi akisikia "saa nane", atammezesha saa nane mchana, yaani nusu ya muda uliokusudiwa. Walimu wa Kiswahili hulikata neno "masaa" kwa wino mwekundu, ilhali "masaa manane" ndiyo njia pekee ambayo wasemaji wamejitengenezea ya kutenga muda na wakati wa saa ya ukutani. Wino huo ungefaa uwekwe kando. Na mtoa dawa anayetaka kukwepa ugomvi wa wanasarufi anaweza kumfanyia mama hesabu yeye mwenyewe: "Umempa sasa hivi, saa nne. Mpe tena leo jioni, saa kumi na mbili."