Wimbo uliomfichua mzee wa Avalon

MPENZI msomaji, leo tufunge safari ndefu kidogo. Jiandalie kikombe chako cha chai, waite na watoto wanaosoma historia na muziki shuleni, kisha twende pamoja hadi jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, kumtafuta mzee mmoja ambaye dunia ilimsahau kwa karibu miaka 35.

Ukitua Memphis, mji ulio ukingoni mwa mto Mississippi, shika barabara kuu nambari 55 uelekee kusini. Baada ya kilomita 160 hivi utafika Grenada. Hapo achana na barabara kuu, uchukue barabara ndogo nambari 7 inayokwenda Greenwood. Mkono wako wa kushoto utaona vilima vyenye misitu, na mkono wa kulia nchi itakuwa imelala tambarare kabisa hadi macho yako yanapokoma. Tambarare hiyo ndiyo wenyeji wanaiita Delta, nchi ya pamba. Endesha gari polepole, kwa maana kijiji tunachokitafuta kinaitwa Avalon na unaweza kukipita ukiwa unapiga chafya. Si mahali pa kutafuta hoteli wala benki. Ni nyumba zilizotawanyika, mashamba, vumbi, na kibao cha kumbukumbu kilichowekwa kando ya barabara.

Kibao hicho ni cha John Hurt.

Huyu John alizaliwa Teoc, karibu na hapo, mwaka wa 1892 au 1893. Usishangae kuona miaka miwili. Watoto wa Wamarekani weusi wa vijijini enzi hizo hawakuandikiwa vyeti vya kuzaliwa, na mtafiti yeyote anayeshika kazi hii huanza kwa kugombana na tarehe. Akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, mama yake alimnunulia gitaa kuukuu kwa dola moja na nusu. Hakuwa na mwalimu. Alijifunza mwenyewe, kidole gumba kikipiga nyuzi nene kwa mpigo usiokatika huku vidole vingine vikiuchezea wimbo juu yake. Sikio la Mkenya aliyelelewa na redio litashtuka kidogo likimsikia, kwa sababu upigaji huo unakaribiana sana na ule wa magitaa makavu ya George Mukabi kule Magharibi au wa Mwenda Jean Bosco wa Congo. Wala sidai kwamba walifunzana. Nasema tu kwamba mzee wako huenda akatikisa kichwa kabla hujamwambia ni muziki wa nani.

Ulikuwa muziki wa bluzi, ingawa John Hurt aliuimba kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto aliyelala chumba cha pili. Mchana alilima. Jumamosi usiku alipiga gitaa kwenye dansi za majirani, weusi kwa weupe. Na ni jirani mzungu, mpiga fidla aliyeitwa Willie Narmour, aliyemtajia mkubwa mmoja wa kampuni ya santuri ya Okeh jina la mkulima huyu.

Basi Februari 1928 John akaitwa Memphis kurekodi, na Desemba mwaka huo huo akapelekwa hadi New York. Hebu mfikirie mkulima wa pamba, hajawahi kuishi mjini, amesimama katikati ya majumba marefu wakati wa Krismasi! Alishikwa na hamu ya nyumbani. Akatunga wimbo kuhusu kijiji chake, akakitaja kwa jina, na wimbo huo ukaitwa "Avalon Blues". Kampuni nayo, kwa kutaka biashara, ikabandika neno "Mississippi" mbele ya jina lake. Santuri zikatoka, nyimbo kama 12 hivi kwa jumla, zikauzwa kidogo. Oktoba 1929 soko la hisa la New York likaporomoka, watu wakakosa pesa za mkate seuze za santuri, na Mississippi John Hurt akarudi kwenye jembe lake. Hakuna aliyemwandikia tena barua.

Sasa ruka miaka. Mwaka wa 1952 mkusanyaji mmoja wa santuri kuukuu, Harry Smith, alichagua nyimbo za miaka ya ishirini na mwanzo wa thelathini, akazitoa upya katika mkusanyiko mkubwa kupitia kampuni ya Folkways. Mbili kati ya hizo zilikuwa za John Hurt. Vijana wa vyuo vikuu walizisikiliza mpaka wakazikariri. Wengi wao waliamini kwamba mwimbaji huyo ameshafariki zamani. Kwani nani angekuwa hai baada ya vita vikuu na njaa na kimya chote hicho?

Kisha "Avalon Blues" yenyewe ikaangukia mikononi mwa mtafiti kijana wa jijini Washington aitwaye Dick Spottswood. Alilisikia jina la kijiji. Akafungua ramani za siku hizo, Avalon hapana. Akafungua atlasi ya karne ya 19, na hapo akakiona: kidoa kidogo kati ya Greenwood na Grenada, kwenye njia ile ile niliyokuelekeza hapo juu. Akampa habari hizo rafiki yake, Tom Hoskins, ambaye mwanzoni mwa mwaka wa 1963 alikuwa anasafiri kusini.

Hoskins alifika Avalon, akasimama kwenye duka, akauliza kama kuna mtu aliyepata kumsikia mwimbaji aliyeitwa John Hurt. Alitarajia kuonyeshwa kaburi. Badala yake alielekezwa ashike njia fulani kiasi cha maili moja, ahesabu masanduku ya barua yaliyosimamishwa kando ya njia, na kwenye la tatu apande kilima. Ndivyo tu. Miaka 35 ya fumbo ilikwisha kwa kuuliza dukani.

Lakini hapa, msomaji, naomba usikimbilie kufurahi. Jiweke mahali pa mzee huyo wa miaka 70. Jioni unasikia gari. Anashuka kijana mzungu usiyemjua, anakutaja kwa jina, anakuuliza kama wewe ndiwe John Hurt. Mzee alidhani ni polisi wa upelelezi, akaanza kujitetea kwamba hajafanya kosa lolote. Na hofu yake haikuwa ya mtu mshamba. Kijiji cha Money, alikotekwa mtoto Emmett Till wa miaka 14 mwaka wa 1955 kabla ya kuuawa, hakiko mbali na hapo. Mnamo Februari 28, 1963, vijana waliokuwa wakiwaandikisha watu weusi kupiga kura walimiminiwa risasi nje ya Greenwood, na mmoja wao, Jimmy Travis, akajeruhiwa vibaya. Juni mwaka huo Medgar Evers aliuawa mlangoni pake mjini Jackson. Katika Mississippi ya mwaka huo, mzungu mgeni aliyebisha mlangoni kwa mtu mweusi kwa kawaida hakuwa amekuja kuulizia gitaa.

Gitaa lenyewe mzee hakuwa nalo. Hoskins alimpa lake. Vidole vilivyokuwa vimeshika jembe na kukamua ng'ombe vilitafuta nyuzi, taratibu, vikazipata.

Mambo yalikwenda mbio kutoka hapo. Julai 1963 John Hurt alisimama mbele ya maelfu kwenye tamasha la Newport, kofia yake kichwani, akaimba kwa sauti ile ile ya chini, na umati ukanyamaza kumsikiliza. Maktaba ya Bunge la Marekani ilimrekodi. Alihamia Washington na mkewe Jessie, akapiga katika kumbi na vyuo vikuu, akaonekana kwenye televisheni ya taifa. Alipata miaka mitatu. Mnamo Novemba 2, 1966, alifariki mjini Grenada.

Waliomgundua walikuwa wameunda kampuni yao ndogo, Music Research, wakamtia saini mkataba. Sisemi kwamba walikuwa waovu. Bila wao tusingekuwa na cha kusoma leo. Hata hivyo, mtu anayekuja kukutafuta akiwa na kinasa-sauti mkono mmoja na karatasi ya mkataba mkono wa pili huwa anatafuta vitu viwili, na ni vizuri wanafunzi wanaotamani kazi hii wajue hivyo kabla ya kufunga mizigo.

Labda unauliza kazi hii hufanywa vipi kwa wale ambao hawakuimba jina la kijiji chao. Hufanywa kwa ukaidi. Kila santuri ya zamani ina nambari iliyochongwa karibu na kibandiko chake, na kwa hiyo nambari mtafiti anaweza kukadiria siku na mji iliporekodiwa. Kuna vyeti vya vifo. Gayle Dean Wardlow, aliyekuwa akibisha hodi nyumba kwa nyumba Mississippi akinunua santuri kuukuu, ndiye aliyekichimbua cheti cha kifo cha Robert Johnson mwaka wa 1968. Kuna pia daftari za sensa. Marekani huzifungia kwa miaka 72, hivyo zile za mwaka wa 1950 zilifunguliwa Aprili 2022, na wengi sasa wanazipekua mstari kwa mstari. Matatizo ni yale yale unayoyajua hapa kwetu: karani ameandika jina alivyolisikia, umri umekadiriwa, mke wa pili hakutajwa.

Wakati mwingine bahati hucheka. Mwaka huo huo wa 1963 vijana wawili, John Fahey na Ed Denson, walikuwa wakimtafuta Bukka White. Naye alikuwa ameimba kuhusu Aberdeen, Mississippi. Wakaandika barua, juu ya bahasha wakaweka jina lake, wakaeleza kwamba ni mwimbaji mzee wa bluzi, wakaituma posta ya Aberdeen tu, basi. Barua ikazunguka, ikamfikia Memphis.

Wakati mwingine haicheki. Mwaka wa 1930 wanawake wawili, Geeshie Wiley na L. V. Thomas, walirekodi nyimbo sita katika mji mdogo wa Grafton, Wisconsin, kwa kampuni ya Paramount, iliyomilikiwa na kiwanda cha viti. Amini usiamini: santuri zilikuwa biashara ya kando ya watu wa samani. Nakala zilizobaki zinahesabika kwa vidole, na picha ya Geeshie haijulikani kuwako. Mtafiti Mack McCormick alizungumza na L. V. Thomas mjini Houston mwaka wa 1961, lakini maelezo hayo yakakaa kwenye makabati yake zaidi ya miaka 50, mpaka mwandishi John Jeremiah Sullivan alipoyatoa hadharani mwaka wa 2014. Mimi siwezi kumsamehe kwa urahisi mtu anayekalia maneno ya mwanamke mzee kwa nusu karne.

Na kabla hujasema haya ni mambo ya Wamarekani, kumbuka Kapkatet. Mwaka wa 1950 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mitambo yake, aliwarekodi wasichana wa Kikipsigis wakimwimba mtu aliyeitwa Chemirocha. Huyo hakuwa mwingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji mzungu wa Meridian, Mississippi, aliyejaa bluzi kichwani na aliyekuwa amefariki mwaka wa 1933. Sauti yake ilikuwa imefika huko ndani ya gramafoni, jina likageuzwa kulingana na ulimi wa wenyeji, na hadithi ikaenea kwamba ni kiumbe nusu mtu nusu paa. Waimbaji wetu wenyewe walisahauliwa vilevile. Katika mwaka wa 2015 habari zilienea duniani jinsi rekodi hizo zilivyorudishwa Kapkatet, na baadhi ya waliokuwa wameimba wakapatikana wakiwa hai. Nao walikuwa jirani muda wote, kama mzee wa sanduku la tatu la barua.

Turudi Avalon tumalizie ziara yetu, kwani jua linazama. Ukiuacha mlango wa Delta na kupanda vilimani kwa njia ya msituni, utafika kwenye makaburi ya St. James. Kaburi la John Hurt liko humo, chini ya miti. Wageni kutoka nchi za mbali huacha vitu juu ya jiwe: sarafu, vipande vya plastiki vya kupigia gitaa, maua yaliyonyauka. Nenda kabla ya giza, na uvae viatu vya kufunika miguu.

Nyumba yake pia ungeiona zamani. Ilikuwa kibanda cha mbao cha vyumba vitatu, kilichohamishwa mahali pake pa kwanza na kufanywa jumba la makumbusho kwa juhudi za mjukuu wake. Watu walikuwa wakikaa barazani hapo na kupiga gitaa. Mwezi wa Februari 2024 nyumba hiyo iliteketea kwa moto yote. Kwa hivyo ukifika leo usipoteze muda kuitafuta. Pita moja kwa moja hadi makaburini, na ukitaka kuisikia nyumba yenyewe, rudi kwenye ule wimbo wa Desemba 1928.