Merikebu ya Mizigo Iliyopakia Watu 14,000

Hungnam ni mji wa bandari, upande wa mashariki wa Korea ya Kaskazini. Majira ya Noeli baridi ya huko ni kali mno, na upepo hushuka kutoka milimani. Mwezi wa Desemba, mwaka 1950, gati la mji huo lilijaa watu hata pasiwe mahali pa kuweka mguu. Majeshi ya China yalikuwa yameingia vitani, na askari wapatao 100,000 wa upande wa Umoja wa Mataifa walikuwa wakirudi nyuma hadi pwani ili wachukuliwe kwa merikebu. Nyuma yao walikuja raia, Wakristo wengi wakiwamo, wazee kwa watoto, na mizigo vichwani. Njia ya nchi kavu ya kwenda kusini ilikuwa imekatwa.

Kati ya merikebu zilizotumwa huko ilikuwamo Meredith Victory. Ilijengwa Los Angeles, Marekani, mwaka 1945, vita kuu ilipokuwa ikielekea mwisho. Ni moja ya merikebu zaidi ya 500 za namna hiyo, zilizoundwa upesi upesi ili kuvusha vyakula na silaha. Urefu wake ulikuwa futi 455. Abiria ilikuwa na nafasi ya 12 tu, basi. Tena tumboni mlikuwa bado na tani 300 za mafuta ya eropleni.

Nahodha, Leonard LaRue, mzaliwa wa Philadelphia, alikuwa na umri wa miaka 36. Kwa kuwa merikebu haikuwa ya jeshi, maofisa hawakuweza kumwamuru awachukue raia; walimwomba tu. Akatazama pwani kwa darubini, kisha akaagiza wapakiwe wote watakaoenea.

Kazi ilianza usiku wa tarehe 22. Msomaji aliyepata kuona magunia ya kahawa yakipakiwa bandarini atafahamu. Watu walisimamishwa juu ya majukwaa ya mbao, winchi ikawanyanyua na kuwateremsha chini kabisa, kama shehena. Chumba cha chini kikijaa, kilifunikwa, na wengine wakawekwa juu yake. Waliosalia walisimama sitahani penye upepo. Hata asubuhi ya tarehe 23 walikuwa 14,000. Mganga hakuna, taa hakuna, choo hakuna, chakula na maji ni kama hakuna. Wengine, kwa kuona baridi, waliwasha moto juu ya mapipa yale yale ya mafuta, na mabaharia wakashikwa na hofu kuu. Nje nako bahari ilikuwa imetegwa mabomu.

Si wote waliopata nafasi. Kesho yake jeshi lililipua gati. Wengi walioondoka walidhani ni safari ya siku chache, wakawaacha wazazi au watoto nyumbani. Mpaka ukafungwa, na hadi leo barua haivuki.

Tarehe 24 walifika Pusan, wakakataliwa kushuka kwa sababu mji umekwisha kujaa wakimbizi. Ikabidi waendelee hadi kisiwa cha Geoje. Noeli iliwakuta merikebuni, na tarehe 26 wakashushwa salama. Hakufa hata mmoja, bali walikuwa wameongezeka: watoto watano walizaliwa njiani. Kuzaa gizani, mahali pa mapipa, bila hata maji ya kumwoshea mtoto! Akina mama watanielewa. Katika abiria wale walikuwamo wazazi wa Moon Jae-in, aliyezaliwa Geoje mwaka 1953 na kuwa Rais wa Korea ya Kusini toka 2017 hadi 2022.

Merikebu yenyewe haipo tena. Ilivunjwa China mwaka 1993, ikawa chuma chakavu. Lakini Lane Victory, iliyojengwa kiwandani humo humo mwaka ule ule, imehifadhiwa katika bandari ya Los Angeles. Mgeni huweza kuipanda na kuchungulia lile shimo la shehena.

Na nahodha? Mwaka 1954 aliacha bahari, akaingia monasteri ya Wabenediktini ya Mtakatifu Paulo, Newton, katika jimbo la New Jersey, akaitwa Bruda Marinus. Aliosha vyombo, akapiga kengele, akauza dukani. Baadaye aliandika kwamba safari ile Mungu mwenyewe ndiye aliyeshika usukani. Alifariki Oktoba 2001, na tangu 2019 anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Watawa wa Newton ni wa shirika la Mtakatifu Otilia, lile lile la Peramiho na Ndanda. Huko Korea walikuwa na abasia Tokwon, katika pwani hiyo ya mashariki, kusini ya Hungnam. Serikali ya kikomunisti iliifunga mwaka 1949. Wengi walifia kifungoni, na waliosalia wakaanza upya Waegwan, kusini. Bruda Marinus alipokuwa akikaribia kufa, nyumba ya Newton ilikuwa imebaki na wazee wachache, karibu kufungwa. Waegwan wakakubali kupeleka watawa wao. Kaburi la nahodha lipo hapo Newton, katika monasteri inayotunzwa sasa na Wakorea.