Wacheni tumlilie Dokta

Kila Septemba 28 nikiweka picha ya mzee mwenye kilemba, lazima msee mmoja aulize, "Kwani huyo ni guka yako?" Zii. Ni Dr. Lonnie Smith, aliyetuacha 2021 akiwa na miaka 79. Udaktari hakusomea popote. Lilikuwa jina la stage tu, na ukimsikia kwa kinanda cha Hammond hutambishia.

Kuna mafans wa jazz hutudharau eti sisi tulimjua kupitia hip-hop. Na iko nini? Ngoma unazosikia kwa "Can I Kick It?" ya A Tribe Called Quest zilitoka kwa rekodi yake ya 1970. Tuliingia kwa mlango uliokuwa wazi.

Kitu huniumiza ni hii. Akiwa kijana Buffalo, New York, alikuwa anashinda kwa duka la vyombo vya muziki, kila siku hadi lifungwe. Mwenye duka akamuuliza mbona. Akasema angekuwa na chombo, angejitafutia riziki. Huyo mzee akampa Hammond. Bure! Manze, hebu fikiria ni vijana wangapi hapa mtaani wanashinda wakiangalia vitu kwa dirisha.

Akajifunza mwenyewe: mkono wa kushoto na miguu kwa besi, wa kulia ukiimba.

Mapafu ndiyo yalimmaliza. Albamu yake ya mwisho ilitoka Machi mwaka huo huo, inaitwa Breathe. Mimi bado siwezi kuimaliza bila kupumzika katikati.