Usiku Nilipopika Tambi

Jioni moja ya likizo mama alirudi kutoka hospitali, alikokuwa akimwuguza mdogo wangu, naye hajala tangu asubuhi. Dada ameolewa, na bibi anaumwa miguu. Mimi sikuwa nimepata kupika hata siku moja; nilidhani kuwa jiko si kazi ya mvulana.

Nilichemsha maji ya chumvi, nikatia tambi kwa dakika 10. Nilipoyamwaga maji nilibakiza kikombe kimoja, kama mwalimu wetu alivyotueleza kuwa Waitalia hufanya. Wanga uliomo huizuia jibini isigande madonge. Nikakwaruza jibini, nikakoroga mpaka ikawa rojo, kisha nikachuma mrehani uani nikaukatia juu.

Bibi alistaajabu. “Mjukuu wangu, mrehani ni wa kunukia, si wa kula! Na sukari ya tambi i wapi?”

Mama hakusema neno. Alikula sahani nzima, kisha akasema, “Kesho mpikie na mwenzio.”

Nikampikia. Alikula vijiko 3, vya kwanza tangu alipolazwa. Tangu siku ile sioni haya kushika mwiko.