Kidogo Kiasi Gani?

Katika miaka yangu yote ya kushika chaki, neno nililolikataa katika daftari la mwanafunzi ni "kidogo". Kidogo kiasi gani? Nilitaka kipimo. Basi mke wangu alipoanza kusahau majina ya wajukuu, akapigwa picha ya ubongo kwa mashine ya sumaku, na daktari akasema, "Mzee, mama ana mabadiliko kidogo," nikamwuliza swali lile lile. Akatabasamu. Picha ya kawaida, alisema, huonyesha tu mahali palipong'aa au kufifia kuliko pa jirani.

Akanieleza njia nyingine wanayoitumia watafiti: kuchora ramani ya muda wa kutulia. Ubongo umejaa maji, na viini vya haidrojeni vilivyomo katika maji hayo, vikiwa ndani ya sumaku, hujipanga kama wanafunzi mstarini. Wimbi la redio huvivuruga, likikoma, vinatulia. Hapo hupimwa nyakati mbili: muda wa kurudi mstarini, na muda wa kupoteza sauti moja, kama kwaya inayoanza kuachana. Mwaka 1971 Raymond Damadian, huko Marekani, alionyesha kuwa uvimbe wa saratani wa panya hukawia kutulia kuliko nyama yenye afya. Katika sumaku ya tesla 3, sehemu nyeupe ya ubongo, ambayo nyuzi zake zimevikwa ala ya mafuta, hurudi mstarini kwa milisekunde 900 hivi. Ya kijivu hupita 1,200. Ala hiyo ikiliwa na maradhi, muda hurefuka. Hivyo kila sehemu hupata tarakimu yake, ambayo mwakani yaweza kulinganishwa na ya leo. Tarakimu haiponyi, lakini haisemi "kidogo".

Usiku ule sikulala. Niliwakumbuka vijana ambao katika ripoti zao niliandika "mzito". Mzito kuliko nani? Kuliko jirani wa dawati. Sikumbuki hata mmoja niliyemlinganisha na yeye mwenyewe wa mwaka uliotangulia.

Sasa ninalo daftari. Kila Jumapili namwomba mke wangu anitajie wajukuu wetu tisa, nami naandika. Mwezi uliopita aliwataja saba. Jumapili hii, sita. Jina langu silitii katika hesabu. Tangu tuoane ameniita "Mwalimu", na hilo bado analo.